Manukato makavu yana nafasi pwani

UPENUNI
Na Zuhura Mwinyi

Ukijipulizia manukato ya Iris Silver Mist asubuhi hapa Dar es Salaam, dakika za mwanzo zitakukatisha tamaa. Hakuna utamu. Kuna karoti mbichi iliyong'olewa sasa hivi, udongo wa baridi, na ukali wa majani unaopanda puani. Wengi huishia hapo, chupa ikarudi kaunta. Mimi nimeendelea kuyavaa, na leo nayatetea.

Manukato haya aliyatengeneza Maurice Roucel mwaka 1994 kwa ajili ya mbunifu Serge Lutens, na kwa miaka mingi yaliuzwa katika duka la Lutens la Palais Royal, Paris. Husimuliwa kwamba Lutens hakuchoka kudai airisi iongezwe, mpaka Roucel akatia kila malighafi ya airisi aliyoweza kuipata. Naamini, maana ukali ule ukishaondoka hubaki ukavu mtupu: mwerezi, ubani, karafuu kidogo, na poda isiyo na chembe ya sukari.

Harufu ya airisi haitoki kwenye ua lake. Inatoka kwenye tunguu lake, linalokua chini ya ardhi kama tangawizi. Huko Toscana, Italia, wakulima hulichimba baada ya miaka kama mitatu, hulimenya kwa mkono, hulikausha, kisha hulihifadhi miaka mitatu mingine au zaidi. Likiwa bichi halina harufu hiyo. Ironi, ambazo ndizo zinazonukia, hujitengeneza polepole kadiri mafuta ya tunguu yanavyokutana na hewa. Ndipo husagwa na kukenekwa kwa mvuke, likatoa kitu kizito kinachoganda, kiitwacho siagi ya airisi. Nikifikiria miaka yote hiyo ya kungoja, bei yake hainishangazi. Unga wa tunguu hilo ulinukisha poda za uso Ulaya kwa karne nyingi, na ndiyo sababu pua zinazonusa airisi hukumbuka poda.

Kinachonisikitisha ni kwamba siku hizi tunapima manukato kwa umbali. Muuzaji atakuapia kuwa utasikika kabla hujafika mlangoni, na mnunuzi hataki kujua zaidi. Matokeo yake tumejaa vanila na karameli, vitu vinavyokaba koo saa sita mchana ndani ya daladala. Manukato ya airisi hukaa karibu na mwili. Atakayeyasikia ni yule uliyemruhusu akusogelee, na kwangu mimi hilo ni heshima kwa ngozi yako na kwa pua ya jirani.

Tena ukavu huu si mgeni kwetu. Liwa husagwa juu ya jiwe kwa marashi ya mawardi, ikapakwa mwilini, na ikikauka huacha harufu ya mti na unga ambayo hakuna chupa ya Dubai iliyowahi kunipa. Dalia nayo ni unga. Udi ulifukiziwa nguo na chumba, usikike na kila aingiaye. Liwa ilikuwa ya ngozi, ya aliye karibu. Bibi zetu walikuwa na vyote viwili, nasi tumebaki na kile cha kusikika mbali tu.

Sisemi Iris Silver Mist ni ya kila mahali. Harusini itamezwa na udi, na ubaridi wake unaweza kumfanya mtu aonekane amejitenga. Lakini kwa ofisini, msibani, au kumwona mgonjwa, sijapata manukato yenye adabu zaidi.

Kwa hiyo msomaji wangu, ukikutana na manukato makavu dukani, usiyahukumu kwa kikaratasi cha kunusia. Yatie kwenye kiwiko, toka nje, tembea saa nzima, ndipo uyanuse tena. Na kama nyumbani kwenu yupo anayejua kusaga liwa, mwombe akufundishe mwaka huu.