Tahadhari: Mjunju Usiingie Kwenye Gunia la Mkaa

Tahadhari hii ni kwa wanaonunua mkaa Juba, wanaouchoma, wanaousafirisha, na kwa machifu ambao ardhi yao ndiyo inayotoa miti. Mvua zikikatika, mwezi wa Novemba au Desemba, njia za porini zitakauka, malori yatapita, na matanuri yatafuka moshi hadi Machi. Mjunju utakaoangushwa katika miezi hiyo hauna mbadala wa karibu. Ukipandwa mwingine leo, utaanza kuzaa baada ya miaka mitano hadi minane, na kufikia uzazi wake kamili ukiwa na miaka 15 hadi 25. Hesabu hiyo aifanye kila mtu kabla ya kunoa shoka.

Mjunju ni ule mti wa miiba mirefu ambao tunda lake wakazi wa Juba wanalijua kwa jina la laloub. Wadinka huuita thou. Nchini Sudan huitwa heglig, na eneo la mafuta lililopiganiwa na Sudan mbili mwezi wa Aprili 2012 limebeba jina hilo. Wataalamu huuita Balanites aegyptiaca. Huota wenyewe kuanzia Senegal hadi Somalia, na kushuka mpaka Tanzania na kusini zaidi. Miti mingine ikipukutisha majani, huu hubaki kijani kiangazi chote, isipokuwa ukame ukizidi mno.

Kinachouponza ni ubora wake. Mti wake ni mzito na mgumu, unafaa kwa mpini wa jembe, mchi na kigoda. Ukiwashwa hutoa moto mkali wenye moshi kidogo. Mchoma mkaa anaujua vyema. Kwa kawaida huanza na migunga na miti mingine isiyo na mwenyewe wa kuilalamikia. Hiyo ikiisha, mkono hufika kwenye miti ya matunda: mjunju, mkwaju na ule wa lulu unaotoa mafuta. Mkaa wa miti hiyo ukianza kuonekana sokoni, ujue pori la nyuma yake limekwisha.

Juba inaendelea kuita mkaa. Tangu mkataba wa amani wa 2005 na uhuru wa 2011, mji umetanuka kuelekea Gudele, Munuki, Gumbo na Sherikat. Mtambo wa umeme wa megawati 33 uliozinduliwa 2019 umewasha taa katika sehemu za mji, lakini sufuria bado ziko juu ya mkaa. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wa Sudan Kusini hupikia kuni au mkaa. Tanuri la udongo nalo ni la hasara: kilo moja ya mkaa hula kilo tano hadi nane za mti. Gunia la kilo 50 kwa hiyo limemeza kati ya kilo 250 na 400.

Kuna pia soko la nje. Mwaka 2023 Rais Museveni alipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa Uganda, ikiwemo Acholi, inayopakana na Magwi na Nimule. Mahitaji ya wapishi wa mijini hayakufutwa na amri hiyo. Mlango mmoja ukifungwa, mfanyabiashara hutafuta mwingine, na barabara ya lami ya Juba hadi Nimule iko wazi. Somalia ilishapita njia hii. Februari 2012, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipopitisha azimio namba 2036 la kuzuia mkaa wa nchi hiyo, migunga ya kusini mwake ilikuwa imeshateketea kwa miaka. Sudan Kusini bado ina nafasi ya kutangulia.

La kwanza kuumia ni tumbo. Majani machanga ya mjunju hupatikana kiangazi, bustani zikiwa tupu. Akina mama huyachemsha, humwaga maji machungu, kisha huyapika na karanga za kusaga. Tunda hukomaa kiangazi hichohicho. Watoto hulimumunya kama peremende, na wanawake huliuza kwa mafungu sokoni. Ndani ya kokwa mna kiini ambacho karibu nusu yake ni mafuta ya kupikia na ya kujipaka. Mti mmoja uliokomaa vizuri unaweza kutoa zaidi ya kilo 100 za matunda kwa msimu. Februari 2017, njaa ilipotangazwa rasmi katika kaunti za Leer na Mayendit, familia nyingi nchini zilikuwa zinaishi kwa mayungiyungi, majani na matunda ya porini, laloub likiwamo. Waliokimbia mafuriko ya Jonglei wakafika kambi ya Mangalla wanaujua mti huu kwa njaa zao wenyewe.

Mifugo nayo inautegemea. Mbuzi wa Wamundari wa Terekeka hula majani na matunda yake. Matawi yake ya miiba hufungia zeriba ya mifugo usiku. Magome na mizizi yana povu linalofua nguo na kulevya samaki, na tangu zamani hutumika kama dawa ya minyoo, ingawa kipimo chake ni cha mganga anayejua, si cha kubahatisha. Mwaka 1933 daktari Archibald, aliyefanya kazi Khartoum, aliandika kuhusu tunda hili kuua konokono wanaobeba kichocho. Mti wenye sumu ya konokono ukisimama karibu na vidimbwi una faida ambayo mkaa hauwezi kuilipa.

Chini ya ardhi, mizizi yake huzama mita kadhaa na kusambaa mbali kuliko kivuli chake, ikishika udongo mweusi ambao mvua kubwa hupenda kuubeba. Maua yake hulisha nyuki. Tembo hula matunda na kuacha mbegu mbali na mti mama. Ng'ambo ya Nile, kaskazini mashariki mwa Juba, iko Hifadhi ya Badingilo, sehemu ya uhamaji wa swala wanaokadiriwa kufikia milioni sita kwa hesabu ya angani iliyofanywa 2023. Matanuri yakisogea huko, hasara itakuwa ya Afrika nzima.

Atasema mtu: mchoma mkaa naye ana watoto. Ni kweli, na miongoni mwa wachomaji wamo wajane, wakimbizi waliorejea na askari wasiolipwa kwa wakati. Lakini mjunju uliochomwa humlipa mara moja, na uliosimama humlipa kila kiangazi. Mchuma janga hula na wa kwao: watoto watakaokosa laloub ni wa kijiji chake mwenyewe.

Hatua za kuchukua ni hizi, na ni za sasa.

Mnunuzi, muulize muuzaji mkaa umetoka wapi na ni wa mti gani. Kataa wa laloub, wa mkwaju na wa lulu. Badili jiko la bati kwa jiko lenye udongo ndani. Linapunguza mkaa kwa theluthi moja au zaidi, na fedha inabaki mfukoni mwako.

Mchomaji, anza na miti iliyokauka. Ukilazimika kuugusa mjunju, punguza matawi, acha shina. Usiling'oe kamwe, kisiki chake huchipua, mradi machipukizi yazungushiwe miiba mbuzi wasiyamalize.

Chifu, Sheria ya Ardhi ya 2009 inaitambua ardhi ya jamii, na Katiba ya Mpito ya 2011 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Mfanyabiashara anayekuja na lori hana haki juu ya miti yako mpaka jamii yako ikubali. Tangazo lako likitoka kabla ya kiangazi litaokoa zaidi ya kesi itakayosikilizwa baadaye.

Serikali ya Equatoria ya Kati na serikali kuu, marufuku za ukataji ovyo zimeshatangazwa zaidi ya mara moja. Kinachotakiwa ni vizuizi vya barabarani vinavyokagua magunia badala ya kuyatoza na kuyapitisha.

Walimu na makanisa, kusanyeni kokwa zilizoachwa na mbuzi katika zeriba, ambazo huota vizuri, mzipande mvua za Aprili zikianza.

Mjunju wenye tunda usikatwe. Anayelisoma onyo hili amfikishie mwenye shoka leo, kabla njia hazijakauka.