Kivu: Picha bila tarehe wala mahali, ushahidi unaopotea

Tangu mapigano ya Januari na Februari 2025, M23 ilipoingia Goma kisha Bukavu, picha zinatembea ku WhatsApp mbio kuliko habari zenyewe. Kijana mwenye telefone njo amekuwa shahidi wa kwanza wa kartie yake. Lakini wengi hawajafundishwa hata siku moja namna ya kupiga picha. Matokeo yake: picha ya kweli inatoka vibaya, inatumwa bila maelezo, na kisha mtu mwingine anaitumia kwa kudanganya watu kuhusu mahali pengine kabisa.

Shida si aparei

Anayeanza anafikiri sharti kwanza apate feza ya kununua aparei kubwa. Si hivyo. Telefone ya kawaida inatosha, kama mwenyewe anajua mwanga. Kivu iko karibu na ikweta: mwaka mzima jua linatoka karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni. Saa sita mchana liko juu ya kichwa, na macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Asubuhi mpaka saa tatu, ao kuanzia saa kumi alasiri, mwanga unatoka pembeni na sura inaonekana vizuri.

Goma iko na ugumu wake. Chini kuna mawe meusi ya volkano, juu mbingu nyeupe, na pembeni ziwa linang'aa. Telefone inapima mwanga wa picha yote. Kama nyuma ya mama mchuuzi kuna ziwa, yeye anatoka mweusi kama kivuli. Dawa ni kugusa sura yake kwenye ekra ili telefone ipime hapo, ao kumuomba ageuke upande wa mwanga. Pangusa pia lensi, juu vumbi inafanya picha kuwa na ukungu. Na usivute picha kwa vidole: kama njia ni salama, sogea kwa miguu.

Kisha, piga mara tatu. Ya mbali inaonyesha mahali: kilima, kanisa, kibao cha shule. Ya katikati inaonyesha kinachofanyika. Ya karibu inaonyesha sura, mikono, tundu la risasi ukutani. Nyumba iliyobomoka ikipigwa karibu tu, inaweza kuwa Sake, Masisi ao inchi nyingine. Kilima kikionekana nyuma, wenyeji watapatambua.

Funzo la 1904

Congo inajua nguvu ya picha yenye maelezo. Mei 1904, kule Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga picha ya Nsala wa Wala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali, aliyeuawa wakati wa unyama wa kampuni ya mpira. Picha hiyo ilionyeshwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1908 mfalme Leopold wa Pili alilazimika kuachilia Congo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Picha moja haikufanya kazi hiyo yote. Lakini ilikuwa ngumu kuikanusha, juu baba, mtoto, kijiji na mwezi vilijulikana.

Leo picha nyingi za Kivu hazina hata kimoja kati ya hivyo. WhatsApp inapunguza ubora wa picha na kufuta tarehe na mahali vilivyofichwa ndani yake. Kuituma kama dokima kunavihifadhi. Lakini hapo kuna hatari pia: mahali palipohifadhiwa panaweza kuonyesha wabaya mlango wa mtu. Kwa hiyo mpiga picha anatunza ile ya kwanza pahali salama, anaandika siku, saa na mtaa kwenye daftari, na anachagua vizuri nani wa kumtumia.

Sura ya mtu ni maisha yake

Mwanamke aliyebakwa, mtoto, ao mtu aliyeongea juu ya wenye silaha anaweza kuonyeshwa kwa mgongo, kwa mikono, kwa kivuli. Kwanza aombwe ruhusa, na aelezwe picha inaenda wapi. Askari, vizuizi vya barabarani na uwanja wa ndege viachwe: hakuna picha yenye kulingana na uhai wa aliyeipiga.

Mambo haya yote hayahitaji diplome. Yanahitaji uvumilivu na daftari. Vita itakapoisha na waliokimbia watakaporudi kudai shamba ao nyumba, wengi hawatakuwa na karatasi yoyote mkononi. Picha ya nyumba, yenye kilima nyuma yake na tarehe iliyoandikwa, inaweza kuwa mwanzo wa madai yao. Isiyo na tarehe, yeyote anaweza kusema ni ya kwake.