Msafiri wa Angani na Ubongo Wake

Msafiri akirudi tunamwuliza kama amefika salama, basi. Kwa mwanaanga hilo halitoshi. Huko juu mtu huelea, maji ya mwili hupanda kichwani na uso huvimba. Kwa waliokaa miezi mingi, hata ubongo umeonekana kusogea juu kidogo ndani ya fuvu.

Scott Kelly wa Marekani alirudi Machi 2016 baada ya siku 340. Pacha wake Mark alibaki duniani, wakalinganishwa. Matokeo ya 2019 yalionyesha kuwa wepesi na usahihi wa Scott katika majaribio ya akili ulipungua baada ya kurudi (si angani!), hadi miezi sita. Msafiri kama huyo tusimharakishe kazini.