GARI KUKUU LA SHAMBA: TUANZE KUTAZAMA UVUNGUNI

Katibu wa chama hulazimika kusikiliza mengi, na tangu msimu uliopita umalizike jambo nililolisikia zaidi kuliko hata bei ya karafuu ni gari. Matawi matatu yameniandikia yakitaka akiba ya chama inunue gari kukuu lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, lile ambalo vijana huliita "fowili", ili karafuu zitoke mashambani bila ya kungojea gari la ng'ombe la jirani. Sina ugomvi na shauri hilo. Anayeujua mteremko wa shamba baada ya mvua ya vuli, udongo ukiteleza kama sabuni, hatauliza gari la namna hiyo la nini. Karafuu mbichi iliyochumwa leo haifai kulala ndani ya gunia. Ikilala hupata moto, hupauka, na mnunuzi akiiona huishusha daraja. Neno langu ni juu ya namna ya kuchagua, kwani naona twaelekea kuchagua gari kama watu wachaguao kanga.

Tuihesabu bei kwa karafuu badala ya shilingi. Tuchukue mfano tu: gari la shs. 30,000,000, na kilo moja ya karafuu kavu shs. 15,000. Hizo ni kilo 2,000 kavu, yaani magunia 40 ya kilo 50. Na kwa kuwa kilo 3 mbichi hukauka zikawa kiasi cha kilo 1, basi ni kilo 6,000 zilizoteremshwa kwa mikono kutoka juu ya mikarafuu, zikachambuliwa makonyo, zikaanikwa na kuanuliwa kila wingu lilipotanda. Mtu akiyaona magunia 40 yamepangwa ukumbini kwake hatakubali kuyatoa kwa ajili ya rangi inayong'aa na redio.

Wanachama wengi huniuliza kwanza jina la gari, kisha injini, kisha rangi. Mimi nasema tuanze uvunguni. Kisiwani kwetu gari la shamba hufa kwa kutu kabla ya kufa kwa injini. Injini yaweza kufunguliwa na kufungwa tena. Giaboksi hupatikana nyingine. Klachi, breki, springi na rejeta huuzwa. Lakini chesisi, yaani ule mfupa wa chuma unaobeba kila kitu, ikiliwa na chumvi haina dawa ya kudumu. Fundi ataunga bati hapa leo, kesho patatoboka kando ya alipounga. Nayo chumvi yetu haitoki pwani peke yake. Tazama magari yanayobeba samaki, maji ya barafu yenye chumvi yakidondoka usiku kucha juu ya chuma. Miaka michache tu, ukigonga kwa nyundo unasikia sauti ya debe.

Wako wanaosema, basi na tununue Land Rover, kwa kuwa bodi yake ni ya alumini na alumini haishiki kutu. Ni kweli kwa nusu. Land Rover lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 huko Amsterdam, bodi ilifanywa ya alumini kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza. Lakini chesisi yake ni chuma kama ya wenzake, na ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva ni chuma pia. Tena mahali alumini na chuma vinapogusana, maji ya chumvi yakiingia katikati, alumini ndiyo huliwa, ikawa unga mweupe. Nimeona Land Rover la miaka ya 1970 hapa kwetu, milango yake mizima kabisa, na mwenyewe amelifunga kwa kamba upande wa nyuma. Wazee walilipenda gari hilo kwa haki, na mafundi wetu wanalijua. Sidhani kuwa ni hoja ya kuacha kupiga magoti na kuchungulia.

Na wengine husema, tuagize moja kwa moja kutoka Japani. Haya, lakini wakumbuke kuwa kaskazini ya Japani huanguka theluji nyingi, na barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari lililoishi huko lafika Dar es Salaam likiwa limeoshwa na kung'arishwa, na uvunguni limepakwa rangi nyeusi mpya. Rangi nyeusi mpya chini ya gari kukuu ndiyo inayonitia shaka kuliko kitu kingine chochote.

Mwezi uliopita nilikwenda bara kumzuru binamu yangu mwenye duka Nanyala, kata ya wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. (Hakuna pembe ya bara isiyo na duka la Mpemba, na Nanyala haikusahauliwa.) Huko ni nchi ya juu, ya kahawa na mahindi, na bahari iko mbali nao karibu kilomita 900 kwa barabara. Binamu yangu alijua habari za barua zenu, akanipeleka kwa mkulima mmoja wa kahawa anayeuza pikapu ya Land Cruiser ya miaka ya 1990, yenye injini ya dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na kompyuta.

Kwa sura halikuwa la kumpelekea bibi arusi. Rangi imefifia, kiti kimepasuka, taa moja ya nyuma ni ya gari jingine. Nililala chini na nyundo ndogo na bisibisi, nikaigonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma, na hasa mahali springi zinaposhikiliwa na boriti ya mwisho nyuma, kwani hapo ndipo matope hukaa na kutu huanzia. Kila mahali chuma kilijibu kwa sauti kavu. Kutu ilikuwapo, lakini ya juu juu, ya kufutika kwa kidole. Nilipoinuka nilikumbuka kile kimondo cha Mbozi, bonge la chuma la tani zaidi ya kumi lililoanguka kutoka mbinguni zamani isiyojulikana, na hadi leo limelala wazi kilimani. Najua kimechanganyika na nikeli, na nikeli huzuia kutu. Hata hivyo nilijiuliza lingekuwa na hali gani lau lingeangukia ufukweni kwetu.

Msidhani kwamba gari la nyanda za juu halina maradhi. Lile la Nanyala klachi yake ilikuwa imechoka kwa kupanda milima na mzigo. Springi za nyuma zimelala, ishara ya kupakia kupita kiasi. Na chujio cha hewa kilijaa vumbi jekundu. Haya yote fundi wa Wete au Chake Chake aweza kuyatengeneza kwa fedha inayohesabika. Ndiyo maana ya shauri langu: tukubali maradhi yenye dawa, tukatae yasiyo na dawa.

Katika kujaribu gari, mambo machache yafaa yajulikane na kila atakayetumwa. Mwenye kuuza aambiwe mapema asiliwashe, na mkifika mguse injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, ameficha jambo, kwani dizeli mbovu huonyesha ubovu wake ikiwashwa baridi. Moshi wa buluu usiokwisha ni oili inayoungua. Fungueni difu ya mbele na ya nyuma. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Kisha mlijaribu kuvuta kwa magurudumu manne, na gia ndogo pia, juu ya majani yaliyolowa au matope. Msilijaribu kwenye lami kavu, kwa sababu magari mengi ya namna hii hayana kitu cha kuachia mbele na nyuma zizunguke tofauti penye kona, na kwa kulazimisha vyuma huvunjika. Muuzaji akikwambia "inafanya kazi, bwana, ila siku hizi hatuitumii", jua kuwa haifanyi kazi.

Kuna hatari nyingine ya upande ule ambayo ni ya karatasi. Barabara ipitayo Nanyala ndiyo njia ya magari yanayoshuka bandarini Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, yale yanayoitwa huko "ya IT", ambayo hayakulipiwa ushuru wa Tanzania kwa kuwa yanapita tu. Karibu na mpaka mtu aweza kukunong'oneza bei ya ajabu. Gari la namna hiyo si rahisi, ni kesi. Namba ya chesisi iliyogongwa katika chuma ifanane na iliyo katika kadi, na jina la kadi liwe la mtu mnayezungumza naye. Kadhalika gari la bara lina namba za bara, na likiletwa kuishi kwetu litahitaji kusajiliwa Zanzibar. Kabla hatujatoa hata shilingi moja nitataka hesabu ya ushuru huo kwa maandishi, nayo isomwe mkutanoni.

Sasa niseme lile ambalo baadhi ya wajumbe hawatalipenda. Katika kamati wako wanaotaka gari la kufunikwa, lenye viti vya abiria, kwa hoja kwamba litafaa pia kwa harusi, maziko na safari za viongozi. Mimi katibu ndiye ambaye ningepanda gari hilo mara nyingi kuliko wote, na napinga. Magunia hayahitaji viti. Chama kikinunua gari la watu, siku ya kuchuma litakuwa limekwenda kuchukua watu. Napendelea pikapu yenye ubao mtupu nyuma, na kijitabu ndani yake kinachoandikwa kila safari, magunia mangapi, ya nani, kutoka wapi, na ada kwa kila gunia sawa kwa mjumbe wa kamati na kwa mjane mwenye mikarafuu sita. Wakati wa msimu kila mtu atalitaka siku ile ile; bila ya kijitabu mwenye sauti kubwa ndiye atakayelipata.

Na kwa matawi ambayo mashamba yake yako karibu na barabara ya lami, kwa kweli hamna haja ya fowili. Suzuki Carry, kile kigari kidogo ambacho bara hukiita kirikuu, kitabeba magunia yenu kwa mafuta kidogo, na mahali pabaya mtakisukuma watu wanne. Sioni kwa nini chama kizima kilipie gia ndogo isiyotumika.

Ikiwa mkutano utakubali gari la Nanyala au jingine la nchi ya juu, gharama ya kulifikisha ihesabiwe ndani ya bei: mafuta ya safari hiyo ndefu, nauli ya meli hadi Mkoani, na klachi mpya. Siku litakaposhuka melini lioshwe kwa maji matamu uvunguni, kisha chesisi ipakwe oili, na ipakwe tena kila baada ya masika na baada ya vuli. Kazi hiyo naomba apewe mtu mmoja kwa jina. Mwuzaji amekubali kuningoja hadi mwisho wa mwezi huu bila ya kuchukua arubuni. Matawi yaniletee majibu kabla ya hapo, na tawi linalotaka kumtuma fundi wake akaligonge kwa nyundo yake mwenyewe lisisite. Binamu yangu atampokea.