Kabla ya Kura, Uliza Riba

Siku ya uchaguzi Mkenya huamka saa tisa usiku. Hupanga foleni kabla ya jogoo kuwika, shuka mabegani na kitambulisho mfukoni, na katika foleni hiyo utasikia maoni ya kila aina isipokuwa yale yanayomhusu. Utasikia nani ni mtu wetu na nani si mtu wetu. Utasikia nani aligawa unga na nani alipita na helikopta bila kutua. Lakini hutasikia mtu akiuliza: huyu tunayemchagua atakopa kiasi gani, atakopa kwa nani, na akishakopa, riba ya mkopo wangu mimi itafika wapi? Jambo hilo linaniudhi, wala leo sitalinyamazia.

Ndugu msomaji, fungua gazeti kwenye kurasa za matangazo ya minada. Mle hamna kabila wala chama. Mna nambari ya kiwanja, ukubwa wa shamba, nyumba ya vyumba vitatu na kibanda cha mlinzi, tarehe na saa ya mnada, na masharti: mnunuzi atoe asilimia 25 nyundo inapoanguka, salio alimalize ndani ya siku 90. Nyuma ya kila tangazo pana baba asiyepata usingizi, mama aliyeanza kuhifadhi vyombo kwa majirani, na watoto wanaoulizwa shuleni mbona mnahama. Hao nao walipiga kura. Walipaka kidole wino kama wewe na mimi, wakashangilia mtu wao alipotangazwa, na mtu wao huyo hakuwapo dalali alipobandika ilani getini.

Kuna watu wanaodhani siasa ni ya wanasiasa na nyumba ni ya mwenye nyumba, kwamba viwili hivi havikutani. Wamekosea. Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu haina chama. Mtu amekopa shilingi milioni 5 za kujengea, alipe kwa miaka 15. Riba ikiwa asilimia 12, kila mwezi atalipa kama shilingi 60,000. Riba ikipanda ikafika asilimia 18, mkopo ni ule ule, nyumba ni ile ile, mshahara ni ule ule, lakini malipo ya mwezi yanapita shilingi 80,000. Hizo elfu ishirini za juu atazitoa wapi? Atazitoa kwenye karo, kisha kwenye chakula, kisha atashindwa. Bandu bandu huisha gogo.

Na riba hupandaje? Serikali inapotumia kuliko inavyokusanya, hukopa. Inapokopa hapa nyumbani, huingia soko lile lile la fedha unaloingia wewe, na benki humpenda mkopaji huyo kuliko wewe kwa sababu hakosi kulipa. Februari 2024 Hazina ya Kitaifa iliuza bondi ya miundombinu kwa riba ya zaidi ya asilimia 18. Sasa niambie, benki inayoweza kupata asilimia 18 kwa serikali bila jasho, itakukopesha wewe wa duka la mtaani kwa ngapi? Mwezi huo huo kiwango cha riba cha Benki Kuu kilifika asilimia 13, nacho mapema mwaka 2022 kilikuwa asilimia 7. Ni kweli vita vya Ukraine na kupanda kwa dola vilichangia. Lakini madeni yaliyotuweka uchi mbele ya dhoruba hiyo tuliyakopa wenyewe, tukikopewa na watu tuliowachagua wenyewe. Baadaye Benki Kuu ilianza kukishusha kiwango hicho, ndiyo, ila aliyenadiwa nyumba yake kabla ya hapo hakurudishiwa ufunguo.

Wazee wenzangu wanalijua hili, maana waliliona. Desemba 1992 tulikwenda kwenye uchaguzi wa kwanza baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi. Fedha zilimwagwa nchi nzima kama maji, hata noti ya shilingi 500 wananchi wakaibatiza jina la mwanasiasa, wakaiita Jirongo. Watu walipokea, wakala, wakacheza. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulifika asilimia 46, na riba ya hati za Hazina ikapita asilimia 70. Aliyekuwa na mkopo wa benki mwaka ule aliona kilichomtoa kanga manyoya. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga, na matanga yale tuliyalipa miaka mingi. Noti uliyopewa Desemba ilichukuliwa tena mara kumi, kwenye bei ya unga na kwenye riba. Cha mlevi huliwa na mgema.

Tazama na wenzetu wa mbali. Tarehe 4 Novemba 2008 Wamarekani walipiga kura, Barack Obama akamshinda John McCain. Sisi hapa tulicheza ngoma Kogelo, kijijini kwa baba yake Obama, mpaka alfajiri, Rais Kibaki akatangaza tarehe 6 Novemba kuwa sikukuu ya taifa. Sikatai, furaha ya mtoto wa nyumbani ni furaha ya wote. Lakini ni wangapi kati yetu waliojiuliza Wamarekani wale walikuwa wakililia nini foleni zao zilipozunguka mitaa? Walikuwa wakililia paa. Mwaka ule nyumba zaidi ya milioni mbili nchini mwao zilipata ilani za kutwaliwa na wenye kudai. Watu walikuwa wamepewa mikopo yenye riba ya chini miaka miwili ya mwanzo, kisha riba ikaruka. Waliotia sahihi hawakusoma, waliokopesha hawakujali, na serikali iliyopaswa kusimamia ilitazama kando. Septemba benki ya Lehman Brothers ikaanguka, na Oktoba Rais Bush akatia sahihi sheria ya dola bilioni 700 kuyaokoa mabenki. McCain alipoulizwa Agosti ana nyumba ngapi, hakuweza kujibu papo hapo, na wapiga kura waliokuwa wakipoteza nyumba moja waliyokuwa nayo hawakulisahau jambo hilo. Wenzetu walikwenda kituoni na swali mkononi. Sisi tulichukua ngoma, swali tukawaachia.

Na msiniambie kura ya vyeo vidogo haina maana. Oktoba ile ile, katika Kaunti ya Cook uliko mji wa Chicago, alikuwapo sherifu aitwaye Tom Dart. Kwao sherifu huchaguliwa kwa kura, na kazi yake mojawapo ni kuwatoa watu nje nyumba zinapotwaliwa. Dart aligundua kwamba wapangaji waliolipa kodi kila mwezi walikuwa wakitupiwa vitu barabarani kwa deni la mwenye nyumba, deni wasilolijua wala kuambiwa. Akasimamisha kuwafukuza watu mpaka mabenki yafanye kazi yao ya kuhakikisha nani anaishi ndani. Cheo cha kaunti kilichosimamisha benki mlangoni! Wewe mwakilishi wako wa wadi unamjua kwa sera gani, au unamjua kwa fulana?

Hapa lazima niseme jambo, nisije nikaeleweka vibaya. Simtetei asiyelipa. Dawa ya deni ni kulipa, na dini zetu zote, msikitini na kanisani, zinatufundisha kwamba deni ni amana. Akiba inayokopeshwa na benki ni jasho la mwalimu na la mama mboga, na mtu anayechukua mkopo akaolea mke wa pili au akanunua gari la kuringia hana haki ya kulia dalali akija. Wala siwadanganyi kwamba kuifunga riba kwa sheria peke yake ni dawa. Joe Donde wa Gem alijaribu miaka ya mwanzo ya 2000, sheria yake ikakwama mahakamani. Mwaka 2016 tukaweka kikomo cha asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mabenki yakawafungia mlango wafanyabiashara wadogo, yakaikopesha serikali, na mwaka 2019 kikomo kikaondolewa. Ugonjwa hauko kwenye riba tu. Uko kwa mkopaji mkubwa aliye mbele yako foleni, naye ndiye unayemchagua.

Tena zipo sheria njema tulizopata kwa kura, nasi tumezilalia. Sheria ya Benki, tangu 2007, inasema mkopo ukishashindikana, riba haiwezi kuzidi deni lililobaki siku ule mkopo ulipoharibika. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mkopeshaji akupe ilani ya miezi mitatu, kisha ya siku 40 kabla ya kuuza, na kanuni za madalali zinamtaka dalali naye akupe siku 45 zake. Jumlisha: ni karibu nusu mwaka. Sheria hiyo hiyo ya Ardhi inamlazimu mkopeshaji kutafuta bei nzuri iwezekanavyo, asiitupe nyumba yako kwa rafiki yake. Haya yalitungwa na wabunge waliopigiwa kura. Lakini Mkenya akipata ilani ya kwanza hufanya nini? Huikunja, huitia chini ya godoro, huenda kwa mganga au kwa mheshimiwa, na hushtuka nyundo ikiwa juu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ilani ya kwanza ndiyo ufa. Ipeleke kwa wakili siku hiyo hiyo, nenda benki ukaombe kupangiwa malipo upya, na ikibidi uuze mwenyewe kwa bei yako kabla hujauziwa kwa bei yao.

Na kwa kuwa nimegusa hati za nyumba, kuna kundi moja siwezi kulipita kimya: waume wanaoweka hatimiliki rehani kwa siri. Sheria inasema wazi kwamba nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume. Hata hivyo mahakama zetu zimesikia kesi za wake wanaosema sahihi zile si zao. Bwana mkubwa, ulipokuwa ukijenga, huyo mama alibeba maji ya kumwagilia matofali. Alipika kwa mafundi. Leo hati iko benki kwa ajili ya kampeni zako za uwakilishi wa wadi, na yeye anapata habari kwa dalali! Wapo waliouza shamba la urithi wanunue fulana na kofia, wakapata kura zisizojaza basi moja, wakarudi nyumbani pasipo nyumba. Mchuma janga hula na wa kwao. Nanyi mliokula pilau ya mgombea huyo mkijua hamtampa kura, mlikula matofali ya watoto wake. Aibu hiyo ni yenu pia.

Lakini sitaki kuwakemea tu, maana watu hawa si wajinga. Mama mboga anajua bei ya kreti ya nyanya kuliko waziri yeyote. Dereva wa bodaboda anajua petroli imepanda kwa senti ngapi. Na mwaka 2024 vijana wetu walituaibisha sisi wazee kwa namna njema. Mswada wa Fedha, kitabu ambacho sisi hatukuwahi kukifungua, waliusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama, wakajua wabunge 195 waliouunga mkono ni akina nani na 106 walioupinga ni akina nani. Wakaandamana, na wengine walilipa kwa damu, Mungu awarehemu. Siku iliyofuata kura ile ya bunge, Rais aliukataa mswada. Kumbe tunaweza! Kumbe Mkenya akiamua kusoma husoma. Tatizo ni kwamba tunasoma Juni, moto ukiwa juu ya paa, na Agosti ya uchaguzi tunarudia wimbo wa mtu wetu.

Sasa tunaelekea Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027. Utapewa karatasi sita, na kila moja ina swali lake. Anayetaka urais mwulize: kila mwaka utakopa kiasi gani hapa nyumbani, na utapunguza matumizi gani ili usikope? Anayetaka ubunge au uwakilishi wa wanawake mwulize: mswada wa fedha wa mwisho ulipigaje kura, au ungepigaje? Mwulize pia makato ya asilimia 1.5 ya mishahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu yamejenga nini, wapi, na nani amekabidhiwa ufunguo, maana Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya makazi bora, wala haki hiyo haimhusu tu anayeingia nyumba mpya. Inamhusu na anayetolewa nyumba ya zamani. Anayetaka ugavana au uwakilishi wa wadi mwulize: kodi za ardhi na leseni utazipandisha au utazishusha? Anayetaka useneta mwulize: matumizi ya kaunti utayasimamiaje? Asiyejibu, mpite. Akikujibu kwa noti, mpite haraka zaidi. Nyumba njema si mlango, na mgombea mwema si helikopta.

Wazee, acheni kuwaambia vijana nani ni wetu. Waambieni yaliyotupata mwaka 1993. Akina mama, msitie sahihi karatasi msiyosomewa, hata aliyeileta awe mume. Vijana, ule ukali mliousomea mswada, usomeeni pia mkataba wa mkopo wa simu mnaoukubali kwa kidole kimoja. Na wewe msomaji, kabla ya kupanga foleni mwaka huo, keti na mkataba wako wa benki, jua riba yako ni ngapi na ikipanda kidogo utalipa nini, kisha nenda na hesabu hiyo mkutanoni ukamsomee mgombea mbele ya watu. Asiyeijua riba yake hana haki ya kushangaa siku ya nyundo.