*TAARIFA YA TAWI: KARIAKOO NI YA SAA 24, MFANYAKAZI WAKE ALALE WAPI?*

Ndugu wanachama, wapenzi wa chama na wakazi wote wa Kariakoo, Gerezani na Mchikichini,



Kila mwanzo wa mwezi ofisi ya tawi hupokea malalamiko yaleyale. Kijana wa duka amepata chumba, ana hela ya mwezi mmoja mkononi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Mama lishe amekaa miaka minane nyumba moja, anaambiwa ahame kwa sababu chumba chake kinageuzwa stoo. Tumesikiliza vya kutosha. Leo tawi linatoa msimamo wake.

Msimamo wetu ni huu: *kinachomtoa mnyonge Kariakoo si bei ya chumba peke yake. Ni kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na Serikali iliyokaa pembeni ikiangalia.*

*1. HESABU YA CHUMBA KIMOJA*

Tuchukue mfano wa chumba kimoja, choo cha kuchangia, shilingi 100,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 600,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 100,000. Jumla 700,000, na bado hujanunua godoro wala kulipa kirikuu cha kubeba vyombo.

Sasa weka mshahara pembeni yake. Amri ya mishahara ya sekta binafsi iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 150,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa biashara na viwanda. Kwa mshahara huo, 700,000 ni zaidi ya miezi minne na nusu ya kazi, bila kula, bila nauli, bila kumtumia mama kijijini hata mia.

Mshahara unalipwa kwa mwezi. Mchuuzi anapata kwa siku. Kodi inadaiwa kwa nusu mwaka. Pengo hilo linazibwa na nani? Linazibwa na mkopo wa kausha damu. Mtu anaingia chumbani akiwa na deni, na riba anayolipa kila wiki ni kodi ya pili ambayo haiandikwi kwenye mkataba wowote.

Juu ya hapo kuna kodi ya majengo. Hii ni kodi ya mwenye jengo, lakini tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo anayekatwa ni mpangaji. Ni wenye nyumba wangapi wanaorudisha hela hiyo au kuipunguza kwenye kodi ya chumba? Kila mmoja wetu anajua jibu.

*2. SOKO HALILALI, WATU WAKE WANAFUKUZWA*

Mwaka 2025 Serikali ilizindua biashara ya saa 24 Kariakoo. Sisi hatupingi. Biashara ikikua, ajira zinakua. Lakini wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Duka halijifungui lenyewe saa nane usiku. Kuna kuli anayeshusha marobota, mlinzi anayekesha barazani, mama anayeuza chai na chapati, binti anayepanga nguo, kijana anayezoa taka kabla hakujakucha.

Hawa wote mnataka wawepo usiku, lakini chumba hamtaki wawe nacho. Wakalale Mbagala, Chanika na Gongo la Mboto. Anayemaliza kazi saa tisa usiku atafikaje huko? Akipanda bodaboda, posho ya usiku imeishia njiani. Akisubiri alfajiri, analala juu ya maboksi dukani. Mji unaotaka jasho la mtu usiku kucha na hautaki alale ndani yake unamtumia tu.

*3. VYUMBA VIMEKWENDA WAPI?*

Wazee wetu wanaikumbuka Kariakoo ya nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba sita, uani jiko na choo, baraza mbele. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha. Fundi cherehani, karani na mpagazi walikaa chini ya paa moja. Mtaa huu tangu jina lake ni mtaa wa watu wa kazi: Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Nyumba zile zimebomolewa moja baada ya nyingine. Yamesimama maghorofa: chini fremu, katikati stoo, juu nyumba za kodi ambayo mfanyakazi hata haulizi. Chumba kilichobaki kinashindaniwa na mzigo, na mzigo una bahati yake: haudai choo, hauugui, hauchelewi kulipa.

Na tamaa hii haiui vyumba peke yake. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapa hapa Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mungu awarehemu. Tunapodai mji uangalie nani anajenga nini na kwa matumizi gani, tunadai pia uhai wa watu.

*4. SHERIA ILIKUWEPO, IKAONDOLEWA*

Vijana wengi hawajui kwamba nchi hii ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi ya pango, Sheria ya mwaka 1984, yenye mabaraza ya nyumba ya kupanga kodi na kusikiliza kesi za kuhamishwa. Ilifutwa mwaka 2005. Ilikuwa na kasoro zake: kodi ziliwekwa chini mno, na baadhi ya wenye nyumba wakaacha kukarabati. Hatusemi irudi ilivyokuwa. Tunasema sheria yenye kasoro hutengenezwa. Nafasi yake haikupaswa kuachwa tupu kwa dalali.

Jirani zetu Uganda walitunga sheria ya mwenye nyumba na mpangaji mwaka 2022, na kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama kumekatazwa. Sisi tunasubiri nini?

*5. KWA WENYE NYUMBA*

Hatuna ugomvi na bibi aliyerithi nyumba ya marehemu mumewe mtaa wa Sikukuu na anaishi kwa kodi ya vyumba vinne. Huyo ni wetu. Tunajua wapo wapangaji wanaotoroka usiku na deni la umeme. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ni dhamana ya mwezi mmoja na mkataba wa maandishi. Kumkamua mtu miezi sita kabla hajalala hata usiku mmoja si dawa. Na mpangaji akihama mwezi wa pili kwa sababu paa linavuja, hela yake ya miezi minne inarudi lini?

Mkumbuke pia Sheria ya Ardhi ya 1999 inawabebesha wajibu: kumwacha mpangaji akae kwa amani na kuitunza nyumba katika hali nzuri. Kung'oa mlango na kukata maji ili mtu ahame hakumo.

*6. MADAI YETU*

1️⃣ Bunge litunge sheria ya pango la makazi: kodi ya kutanguliza isizidi miezi mitatu, na anayetaka kulipa mwezi kwa mwezi aruhusiwe kwa dhamana ya mwezi mmoja.

2️⃣ Dalali asajiliwe, na alipwe na aliyemtuma. Mwenye nyumba akimtuma atafute mpangaji, amlipe yeye.

3️⃣ Kodi ya majengo iliyokatwa kwenye LUKU ya mpangaji ipunguzwe kwenye kodi ya chumba, na iandikwe hivyo kwenye mkataba.

4️⃣ Halmashauri ya Jiji isitoe kibali cha kubomoa nyumba ya makazi Kariakoo bila jengo jipya kutenga vyumba vya bei ya mfanyakazi. Ghorofa la makazi lililogeuzwa stoo lirudishwe kuwa makazi.

5️⃣ Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962 kuwapa wananchi makazi. Linapojenga upya viwanja vyake katikati ya mji, lianze na chumba na sebule cha mfanyakazi kabla ya fremu.

*7. WEWE UFANYE NINI*

➡️ Usitoe hela bila risiti na mkataba wenye saini. Soma kabla ya kusaini.

➡️ Ukitishiwa kuhamishwa, usipigane. Nenda Baraza la Kata, kazi yake ni kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

➡️ Leta tawini nakala ya mkataba au risiti yako. Majina tutayaficha. Tunakusanya ushahidi kwa ajili ya diwani na mbunge, ili asije mtu akasema haya ni maneno ya kijiweni.

➡️ Mgombea yeyote atakayekuja kuomba kura, awe wa chama chetu au chama kingine, muulize swali moja: *"Kodi ya miezi sita unaiondoa au huiondoi?"* Asiyejibu amejibu.

Kariakoo imejengwa na migongo ya wapagazi. Wajukuu wa kazi ile hawaombi ghorofa la bure. Wanaomba chumba wanachoweza kukilipia kadiri wanavyolipwa.

*Mpangaji ni mwananchi!*

Imetolewa na:
*Idara ya Uenezi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi*

_Sambaza kwa wapangaji wenzako na kwenye magrupu ya mtaa. Tafadhali usikate wala kuongeza maneno._