Saa ya Mkono na Futari ya Entarara

Ramadhani ya mwaka 2025, iliyoangukia Machi, nilifuturu siku moja hapa Entarara, upande wa Kitengela, kwa adhana ya redio iliyokuwa ikitoka Mombasa. Tende imekwisha shuka kooni, ndipo nikaliona jua lingali juu ya mbuga. Mombasa iko mashariki yetu, na mwezi huo jua lao hutangulia kutua kwa dakika kama 11. Siku ile niliilipa. Tangu hapo nafuata ratiba ya huku na saa ya mkononi. Lakini saa gani?

Wazee wetu wa pwani walizipenda otomatiki kama Seiko 5, iliyotoka mwaka 1963. Hazitaki ufunguo wala betri: mkono ukitikisika, kipande cha chuma huzunguka ndani na kukaza kamani. Ukiivua, hulala baada ya saa 40 hivi. Ninayo moja, ya marehemu baba. Ila saa ya namna hii kwenda mbio sekunde 20 kwa siku si ajabu, na kwa mwezi hizo ni dakika 10. Usipoirekebisha, ukifika mwisho wa Ramadhani itakufuturisha kwa jua la Mombasa ungali Kajiado!

Dijitali ya sola, mfano zile za Casio, hukosea sekunde 15 au 20 kwa mwezi mzima. Mwangaza huijaza, na ikishiba hudumu gizani miezi kadhaa. (Mwenye kanzu ya mikono mirefu na aifunue mara moja moja.)

Wenzangu hulalamika kwamba dijitali haijui Kiswahili. Saa ya mishale twaisoma kwa kutazama upande wa pili: akrabu ikiwa kwenye 7, twasema saa moja. Dijitali huandika 18:45, ukabaki kupiga hesabu. Mimi yangu nimeiweka katika mtindo wa saa 12, kisha nikaisogeza mbele saa 6. Jioni huandika 12:45, na tarehe hugeuka saa kumi na mbili, karibu na Magharibi, siku yetu Waislamu inapoingia. Mwanangu akiitazama hukasirika, husema imeharibika.

Basi kwa kufunga na kufuturu nimechagua sola. Ile ya baba huivaa siku ya Idi, baada ya kuitikisa kidogo na kuuliza saa ngapi.